Kicheko na Maajabu Katika Skrini: Filamu Zipi Zafaa Kutazamwa Nyumbani?



Miongoni mwa maswali yanayotufikia kutoka kwa jamaa zetu waliohamia bara, lipo moja ambalo tumeona linastahili makala nzima. Linatoka Meru na Embu, kwa wazazi wenye asili ya Pwani ambao biashara, ualimu au kazi za serikali zimewapeleka katika miteremko ya Mlima Kenya. Wanasema hivi: likizo ya Agosti huko ni ya baridi na ukungu, watoto hawatoki nje, darasa la madrasa huisha kabla ya adhuhuri, na saa zote zilizobaki ni za runinga na simu. Kinachotazamwa zaidi ni visa vya wachawi wachekeshaji, majoka yanayofugwa, paka wanaosema na majini ya rangi ya buluu. Aghalabu visa hivyo vimetolewa katika riwaya za Kiingereza ambazo wazazi hawajazisoma. Je, zote zizimwe? Zote ziachwe? Na kama ipo haja ya kuchagua, ni zipi zafaa?

Wengi wetu tulio Pwani tunaijua Meru kwa miraa na Embu kwa muguka, na mwaka 2024 neno hilo la pili lilizua mzozo baina ya serikali za kaunti za huku kwetu na wakulima wa kule. Lakini katika mitaa ya Majengo ya miji hiyo miwili wamo Waislamu wanaosali, wanaosomesha na wanaolea. Ni wachache, na watoto wao husoma pamoja na wenzao wengi wasio wa dini yao. Kilichotazamwa Jumapili ndicho kinachozungumzwa darasani Jumatatu. Mtoto aliyenyimwa kila kitu kwao atakitafuta kwa jirani, na aliyeachiwa kila kitu atakitazama bila wa kumwongoza. Kwa hiyo swali la wazazi hao si dogo, nasi tutajaribu kulijibu kwa kadiri ya tulivyosoma na tulivyotazama.

Je, hadithi ya kubuni ni uongo?

Wapo wanaosema kwamba kisa chochote ambacho hakikutokea ni uongo, na uongo ni haramu, na hapo maneno yamekwisha. Sisi hatuoni kuwa jambo ni jepesi hivyo. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kitabu cha Kalila wa Dimna, ambacho wanyama wake husema, hushauriana na kufanyiana hila. Kikasomwa na wafalme na wanafunzi kwa zaidi ya miaka elfu, wala hakuna msomaji aliyedhani kwamba mbweha anajua siasa. Msimulizi na msikilizaji wamekubaliana tangu mwanzo kwamba huu ni mfano. Panapo makubaliano hayo hapana aliyedanganywa.

Na kicheko nacho kina mahali pake. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimtania bibi mmoja kwa kumwambia kuwa wazee hawaingii peponi, kisha akamweleza kwamba wataingia wakiwa wamerudishiwa ujana wao. Mzaha ule ulikuwa wa kweli na mwisho wake ulikuwa faraja. Vilevile limepokewa onyo kali juu ya mtu anayesema uongo ili awachekeshe watu. Basi baina ya mapokezi hayo mawili pana njia ya wastani, nayo ndiyo tunayoifuata hapa.

Mizani yetu ina maswali matatu. La kwanza: je, kisa hiki kinakifanyia mzaha kilicho kitukufu? La pili: je, kinauonyesha uchawi kuwa njia ya kuendea mtu mwenye haja, au kinaucheka? La tatu: je, kicheko chake kinamdhuru mtu aliye hai miongoni mwetu?

Swali la pili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika miji mingi ya Kenya, Meru na Embu zikiwamo, nguzo za stima zimebandikwa matangazo ya waganga wanaojinasibu na Pemba na Tanga, wakiahidi kumrudisha mume aliyepotea na kuzidisha fedha. Watu wazima wanalipa. Sasa mtoto aliyekwisha kumcheka mchawi mvivu, mwenye majivuno na mwoga, atalisoma tangazo lile kwa jicho jingine. Kumcheka mchawi ni namna mojawapo ya kumvua nguvu alizojipa.

Zinazofaa

Tunaanza na The Princess Bride, filamu ya mwaka 1987 iliyoongozwa na Rob Reiner. William Goldman aliiandika riwaya yake mwaka 1973, kisha akaiandika mwenyewe kwa ajili ya filamu. Huenda ndiyo sababu roho ya kitabu haikupotea. Babu anakwenda kumsomea mjukuu wake aliye mgonjwa. Mtoto hataki hadithi, anataka mchezo wake wa video. Kidogo kidogo anavutwa na maharamia, jitu lenye huruma na bingwa wa upanga anayemtafuta aliyemuua baba yake, hata mwisho ni yeye anayemwomba babu arudi kesho. Kwa jamii zilizowaacha mababu na mabibi Lamu au Mombasa na kuwalea watoto Embu, filamu hii inasema jambo ambalo sisi tungelisema kwa hotuba ndefu. Yamo mabusu, ulevi na neno moja la matusi. Mzazi ajue mapema. Inawafaa waliofika miaka kumi au zaidi.

Ya pili ni The Amazing Maurice, katuni ya mwaka 2022 iliyotokana na riwaya ya Terry Pratchett ya mwaka 2001. Paka mwerevu na panya wanaosema wanatembea mji hadi mji pamoja na kijana mpiga filimbi. Panya wanauvamia mji, kijana analipwa ili awaondoe, kisha fedha zinagawanywa. Ni utapeli mtupu, na panya wenyewe ndio wa kwanza kuona aibu. Hapo ndipo penye uzuri wake: dhamiri inaamka kwa viumbe wadogo wanaodharauliwa, na mwerevu wa kundi ndiye wa mwisho kuelewa. Mtoto aliyezoea hila za Sungura atajiona yuko nyumbani, lakini ataulizwa swali ambalo ngano za Sungura haziulizi sana: je, werevu unaomwibia mtu ni werevu? Zimo sehemu za giza chini ya ardhi zinazotisha. Walio chini ya miaka saba wasubiri kidogo.

Ya tatu ni How to Train Your Dragon. Cressida Cowell alitoa kitabu chake mwaka 2003, na katuni ikatoka mwaka 2010. Wasomaji wa kitabu walishangaa, maana kitabuni joka la kijana Hiccup ni dogo na kaidi, ilhali katika filamu ni kubwa, jeusi na la kuogopwa. Mabadiliko hayo hayakuharibu kitu. Kisa ni cha mwana wa kiongozi asiyeweza kuua adui aliyefundishwa kumchukia, akagundua kwamba adui naye anaogopa. Mwishoni mwa vita kijana anapoteza mguu, na filamu haimfichi wala haimfanyi wa kuhurumiwa. Hii ndiyo tungeianza na watoto wadogo.

Ya nne ni Howl's Moving Castle. Diana Wynne Jones, mwandishi Mwingereza, aliiandika mwaka 1986. Hayao Miyazaki wa Japani akaifanya katuni mwaka 2004. Sophie, binti mshonaji kofia, anafanyiwa uchawi akageuka bibi kizee, naye hakai kulia: anashika ufagio akaenda kuisafisha nyumba ya mchawi. Mchawi huyo, Howl, ambaye nchi nzima inamwogopa, anaangua kilio kwa sababu nywele zake zimeharibika rangi. Hatujui mfano ulio bora zaidi wa yale tuliyoyasema juu ya matangazo ya nguzoni. Miyazaki aliongeza vita ambavyo kitabuni havina uzito huo, kwa kuwa vita vya Iraq vya mwaka 2003 vilimghadhibisha, na ndege zinazounguza miji katika filamu yake zitawakumbusha watazamaji wetu habari wanazozijua. Tahadhari ni moja: ndani yake mna mkataba baina ya mtu na pepo wa moto. Mzazi awepo, aeleze kwamba kwetu sisi mikataba ya namna hiyo si ya mzaha.

Ya tano ni Matilda, filamu ya mwaka 1996, kutoka riwaya ya Roald Dahl ya mwaka 1988. Dahl si mgeni wa upande wetu. Kabla hajawa mwandishi alikuwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell huko Dar es Salaam, na vita vilipozuka mwaka 1939 alikwenda Nairobi akajiunga na jeshi la anga la Uingereza. Matilda ni mtoto apendaye vitabu katika nyumba isiyovitaka. Baba yake huuza magari mabovu kwa kuyafanyia hila, na mwalimu mkuu huwarusha watoto kama mawe. Akili ya mtoto inapozidi, inageuka nguvu ya kusogeza vitu kwa macho. Wazazi wengine watachukia kuona mtoto akimfanyia baba yake vitimbi. Nasi tunasema kwamba hiyo ndiyo mada nzuri ya mazungumzo baada ya kutazama. Adabu kwa mzazi haina maana ya kuusifu wizi wake.

Kwa vijana wa sekondari tunaongeza Going Postal, filamu ya runinga ya mwaka 2010, nayo ni ya Pratchett. Tapeli aliyehukumiwa kunyongwa anapewa hiari: afe, au aifufue posta ya mji iliyojaa barua ambazo hazikupelekwa. Anajifunza polepole kwamba kila barua ni amana, na kwamba udanganyifu aliouona mdogo ulivunja maisha ya watu asiowajua. Tapeli mkubwa kuliko yeye, wakati huo, ana ofisi nzuri na anaheshimiwa na wote. Kijana wa Kenya hahitaji kuelezwa hapo.

Zinazohitaji tahadhari, na za kuachwa

Good Omens, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2019, inatokana na riwaya ya Pratchett na Neil Gaiman ya mwaka 1990. Malaika na shetani wamekuwa marafiki, nao wanashirikiana kuizuia Siku ya Mwisho kwa sababu wameizoea dunia. Waigizaji ni hodari na lugha ni ya ufundi. Lakini swali letu la kwanza linaikataa. Malaika hawaasi wala hawafanyiwi kejeli, na Kiyama si tamasha la kuahirishwa. Hatuipendekezi nyumbani.

Hogfather ya mwaka 2006 ina mashaka ya namna hiyo hiyo: Kifo mwenyewe, kwa umbo la mifupa, anavaa joho la mgawaji zawadi na kupita nyumba kwa nyumba. Ndani yake mna fikra nzito juu ya haja ya binadamu kuamini, na mtu mzima mwenye elimu anaweza kuijadili. Mtoto anayefundishwa kumtaja Malaika wa Mauti kwa heshima atachanganyikiwa. Ama mfululizo uitwao The Watch wa mwaka 2021, uliojengwa juu ya vitabu vya mwandishi huyo huyo, umekwenda mbali mno na vitabu vyenyewe, na wapenzi wake wengi hawakuupokea. Hauna hasara kubwa kuukosa.

Kisha ipo The Witches, pia ya Dahl, iliyofanywa filamu mwaka 1990 na tena 2020. Kisa chake kinamfundisha mtoto kwamba mwanamke yeyote wa kawaida aliyevaa glavu na nywele za bandia aweza kuwa mchawi anayewawinda watoto. Huko Ulaya ni mchezo. Kwetu, swali la tatu linasimama mbele yetu. Katika kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mvi zao zimetosha kuwa ushahidi. Huko Kaya Godoma, Ganze, kimewekwa kituo cha kuwahifadhi wale waliokimbia watoto na wajukuu wao wenyewe. Hatuwezi kumpa mtoto wa nchi hii kicheko kinachomfundisha kumtazama bibi wa jirani kwa shaka. Filamu hii tunaiweka kando, si kwa ubaya wa ufundi wake, bali kwa ubaya wa mahali inapoangukia.

Na Aladdin je? Kisa hiki tunakihesabu kuwa cha Alfu Lela Ulela, ingawa Mfaransa Antoine Galland alikipata mwaka 1709 kutoka kinywani mwa Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo. Katuni ya mwaka 1992 ilifungua kwa wimbo uliowadhalilisha Waarabu. Wakalalamika, na mwaka uliofuata baadhi ya maneno yakabadilishwa. Watoto wataipenda, nasi hatuizuii. Ila waambiwe kwamba mji ule haupo popote, na kwamba watu wa lugha ile hawakuwa wakiishi hivyo.

Maajabu yaliyo jirani

Tunapowashauri wazazi wa Meru na Embu, itakuwa dhuluma kuyataja majumba ya mbali na kuyanyamazia yaliyo ukutani pao. Wameru wanasimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, mahali palipo baharini, na baadhi ya wanahistoria wamepahusisha na kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Huko, wasema wazee, walitawaliwa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani nguo nyekundu; na msomaji wa Kiswahili haoni haja ya mkalimani kwa neno lile la kwanza. Watawala hao waliwapa mitihani isiyowezekana: walete kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili, walete mkuki wa kufika mbinguni. Wazee wakafikiri, wakazijibu hila kwa hila, na zilipowashinda wakatoroka usiku, bahari ikawapasukia njia. Kila mzee anasimulia kwa namna yake. Wapo wanaosema kwamba Nguo Ntune walikuwa watu wa Pwani, basi huenda katika ngano hiyo majitu wabaya ni jamaa zetu. Hilo nalo lina faida: ni vizuri mtoto wa Pwani ajue jinsi jirani yake anavyomsimulia.

Waembu nao wanamtaja Mwenendega kuwa babu yao, na kichaka kinachobeba jina lake kipo upande wa Runyenjes, mwendo mfupi kutoka mjini Embu. Visa hivi vina werevu, hofu na kicheko sawasawa na riwaya tulizozitaja. Kilichopungua ni kamera.

Na vilivyoandikwa tayari vipo. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, ina majini, safari za baharini na ndugu wawili waliogeuzwa manyani kwa husuda yao. Mũrogi wa Kagogo ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyoanza kutoka kwa Kikuyu mwaka 2004, inamcheka mtawala anayetaka kujenga mnara wa kufika mbinguni. Mwembu anaisoma kwa taabu kidogo tu, kwa kuwa lugha hizo ni ndugu. Tinga Tinga Tales, katuni za ngano za Kiafrika zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010, zimethibitisha kwamba mikono yetu inaweza. Nazo ni salama kabisa kwa watoto wadogo.

Jinsi ya kutazama

Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya hupanga filamu kwa madaraja manne: GE kwa watu wote, PG kwa uangalizi wa mzazi, kisha 16 na 18. Mzazi aitazame alama hiyo, lakini asiitegemee peke yake, kwa kuwa bodi haipimi kwa maswali yetu matatu. Dakika ishirini za mwanzo azitazame mwenyewe kabla ya watoto.

Pili, asiogope kusimama njiani. Watu wa nchi hii wanawapenda wasimulizi kama DJ Afro, wanaoifasiri filamu ya kigeni kwa Kiswahili ikiendelea na kuitia maneno ya kwetu. Kumbe mtazamaji wetu hakuacha kumhitaji msimulizi. Baba au mama anaweza kuifanya kazi hiyo sebuleni kwake, kwa adabu zaidi na bila malipo: aeleze neno gumu, aulize swali, acheke pale panapochekesha. Mtoto humwamini anayecheka naye kabla ya kumsikiliza anayemkataza.

Tatu, kila filamu moja ilipiwe kwa ngano moja. Baada ya jitu na upanga, simu zote ziwekwe kando na asimulie mkubwa aliyepo. Kama bibi yuko Faza au Kisauni, apigiwe simu asimulie yeye, na fedha za bando zilizokuwa ziende kwenye katuni ziende huko. Kama jirani ni mzee wa Kimeru, aombwe kisa cha kiatu chenye manyoya. Wazee hawa wanapungua kila mwaka, na wanaondoka na maktaba ambazo hakuna studio ya Marekani wala Japani itakayotuletea.

Wazazi wetu wa Meru na Embu, tumekutajieni filamu sita kubwa za kuanzia, na nne za kuachwa au kupitwa. Chagueni mbili kwa likizo hii, si zaidi, na mtuandikie watoto walisema nini. Majibu yao tutayachapisha katika ukurasa huu, insha Allah.

Wabillahi tawfiq.